Filamu iliyowageuza marafiki kuwa maadui

Mashindano ya kuhifadhi Qur'ani yalipomalizika msikitini kwetu, vijana wawili walioshika nafasi ya kwanza na ya pili waliacha kusalimiana. Mmoja aliamini kwamba waamuzi walimpendelea mwenzake. Mwingine akayasikia maneno hayo, yakamchoma. Walisimama katika safu moja ya swala, bega kwa bega, na imamu akishatoa salamu kila mmoja alishika njia yake. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yameweka ukomo wa siku tatu kwa ndugu kuhamana. Hawa walitimiza wiki tatu.

Kwa kuwa mimi, katibu wa kamati, ndiye niliyeyaratibu mashindano hayo, niliona sehemu ya dhima ni yangu. Mwalimu mmoja wa madrasa alishauri tuwaonyeshe vijana filamu iitwayo Rush, iliyotoka mwaka 2013, inayosimulia ushindani wa kweli wa madereva wawili wa mbio za magari. Nilikubali, kwa sharti la kuitazama kwanza peke yangu, maana mzazi hampi mtoto chakula asichokionja. Nilianza nikiwa na matumaini, nikamaliza nikiwa na masikitiko.

Kisa chenyewe

Filamu hiyo iliongozwa na Ron Howard na kuandikwa na Peter Morgan. Inahusu msimu wa mwaka 1976 wa mbio za Formula One, ambazo wapenzi wake huziita pia langalanga. Upande mmoja yupo Niki Lauda wa Austria, dereva wa Ferrari na bingwa wa mwaka 1975, mtu wa hesabu na nidhamu. Upande wa pili yupo Mwingereza James Hunt wa timu ya McLaren, hodari wa usukani na mashuhuri kwa ulevi na anasa.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo, katika barabara ya Nürburgring nchini Ujerumani, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 22 kwa mzunguko mmoja, gari la Lauda liliacha njia, likagonga ukingo na kuwaka moto. Aliungua kichwa na uso, na mapafu yake yakadhurika kwa moshi wa sumu. Hospitalini kasisi aliitwa kumsomea sala za anayekata roho. Baada ya wiki sita tu, Lauda alirejea mashindanoni huko Monza, Italia, majeraha yakiwa bado mabichi, akamaliza wa nne.

Mbio za mwisho zilifanyika Fuji, Japani, tarehe 24 Oktoba, chini ya mvua kubwa na ukungu. Lauda aliendesha mizunguko miwili, akaliegesha gari na kushuka. Hunt alimaliza wa tatu, akatwaa ubingwa kwa alama 69 dhidi ya 68 za Lauda.

Penye kasoro

Sitaidhulumu kazi ya watu. Waigizaji wameimudu kazi yao, hasa Daniel Brühl aliyemwigiza Lauda, na mandhari ya mbio yamenaswa kwa ustadi. Lakini filamu imejaa picha za faragha na lugha chafu kiasi cha kutofaa kutazamwa sebuleni na familia. Uingereza kwenyewe iliwekewa umri wa kuanzia miaka 15.

Hilo lingetosha kutuzuia kuionyesha, ila kasoro iliyonisikitisha zaidi ni nyingine. Filamu inawaonyesha Lauda na Hunt wakitukanana tangu siku ya kwanza walipokutana katika mbio za madaraja ya chini, na chuki hiyo inafanywa kuwa ndiyo injini ya kisa kizima. Ukweli ni kwamba watu hawa walikuwa marafiki. Walijuana wakiwa vijana wenye kutafuta riziki katika mchezo mmoja, na waliwahi hata kushiriki makazi mjini London. Walishindana kwa nguvu zao zote barabarani, na nje ya barabara wakabaki marafiki. Tena, filamu inamwonyesha Hunt akimpiga mwandishi wa habari aliyemdhihaki Lauda kwa sababu ya makovu yake. Tukio hilo ni la kubuni. Waandaaji walipotaka kuonyesha kwamba Hunt alimjali mwenzake, waliona ni lazima amwage damu ya mtu.

Msomaji anaweza kusema kwamba Lauda mwenyewe alimsaidia mwandishi na akaisifu filamu. Ni kweli, na aliyesamehe haki yake hana lawama. Lakini Hunt alifariki Juni 1993 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 45. Filamu ilitoka miaka 20 baadaye, naye hakuwa na mdomo wa kujitetea. Filamu inamaliza kwa kumwonyesha kuwa ni mtu yuleyule wa anasa hadi mwisho. Haisemi kwamba katika miaka yake ya mwisho aliacha pombe na sigara, akaishi maisha ya utulivu. Hakuwa wa dini yetu, lakini uadilifu katika Uislamu haukuwekewa mpaka wa dini. Kumsimulia mtu makosa yake na kuficha alivyojirekebisha ni kumpunja.

Waliyoyapitia haraka

Wapo pia watu wanne ambao filamu inawapita upesi. Lauda aliponaswa motoni, hakutolewa na zimamoto bali na madereva wenzake waliosimamisha magari yao: Arturo Merzario, Guy Edwards, Harald Ertl na Brett Lunger. Merzario ndiye aliyeingiza mikono katika ndimi za moto akafungua mkanda. Mtu huyu aliiendeshea Ferrari hadi mwaka 1973. Mwaka uliofuata kiti chake kilikwisha kupotea, na Lauda akawa miongoni mwa madereva wapya wa timu hiyo. Alimtoa motoni mtu aliyeketi alipokuwa akiketi yeye.

Lipo na la Fuji. Lauda aliposhuka garini, mhandisi wa timu alijitolea kutangaza kwamba injini ilikuwa na hitilafu, ili kumsitiri asiitwe mwoga. Lauda alikataa. Alisema wazi kwamba ameacha kwa hiari yake kwa sababu ya hatari. Alipoteza ubingwa wa dunia kwa alama moja, na hakutaka kuongeza uongo juu ya hasara hiyo. Mwaka uliofuata aliutwaa tena, na mara ya tatu mwaka 1984.

Ushindani haukuharamishwa kwetu. Mtume (s.a.w.) aliendesha mashindano ya farasi Madina, na alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.). Tatizo huja pale mtoto anapofundishwa, na filamu au na wazazi wake nyumbani, kwamba hawezi kushinda bila kumchukia mwenzake. Mzazi anayemuuliza mwanawe "umemshinda nani?" kabla ya kumuuliza "umejifunza nini?" anaandika filamu hiyohiyo.

Hatukuionyesha filamu. Badala yake, baada ya swala ya Alasiri niliwaketisha vijana wale wawili nikawasimulia kisa kama kilivyokuwa. Aliyeshika nafasi ya pili aliuliza, "Ustadhi, huyo aliyefungua mkanda hakuwa na kinyongo na kile kiti?" Nikamjibu kwamba la moyoni analijua Mola wake, sisi tunajua kwamba alisimamisha gari.

Hawakukumbatiana. Ila kesho yake, baada ya swala ya Alfajiri, nilimsikia akimtolea mwenzake salamu pale penye viatu, na mwenzake akaitikia.