Mlevi Aliyelala Bado Yumo Hatarini

Katika sherehe za wanafunzi wa vyuo, ziwe za kuwapokea wa mwaka wa kwanza au za kufunga mitihani, tahadhari nyingi huhusu saa za unywaji wenyewe, ilhali saa yenye hatari kubwa mara nyingi ni ile inayofuata, pale aliyezidiwa anapolazwa bwenini, wenzake wakarejea kwenye muziki, na kila mmoja wao akaamini kwamba usingizi utamtoa pombe. Imani hiyo ina kosa la kifiziolojia, yaani kosa kuhusu jinsi mwili unavyofanya kazi, na ushauri wowote wa usalama usioanza na kosa hilo hubaki kuwa nasaha tupu.

Ethanoli, ambayo ndiyo alkoholi iliyomo katika vileo halali, hupenya kwenye damu kupitia tumbo na hasa utumbo mwembamba, kisha ini huivunja kwa kasi isiyoweza kuharakishwa, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za ethanoli, hivyo ini huhitaji saa 2 hadi 3 kuimaliza. Lakini chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250 yenye nguvu ya asilimia 40, ambayo wanafunzi huweza kuinunua kwa kuchangiana na kuinywa kwa mashindano, ina karibu gramu 80, na mtu mmoja akiimaliza peke yake, ini lake litafanya kazi kwa saa 8 au zaidi. Kahawa, maji ya baridi na kutembezwa uwanjani havibadilishi hesabu hiyo hata kidogo. La kutisha zaidi ni kwamba aliyekunywa kwa haraka huweza kupoteza fahamu wakati sehemu ya pombe ingali tumboni, kwa hiyo kiwango chake katika damu huendelea kupanda akiwa tayari amelala, na wanaomtazama hudhani ameanza kupata nafuu.

Kiwango hicho kinapopanda, ethanoli hudidimiza shina la ubongo, sehemu inayoongoza upumuaji na ile hali ya kukohoa au kupaliwa inayozuia matapishi kuingia katika njia ya hewa. Mlevi aliyelazwa chali anaweza kutapika bila kuamka, akavuta matapishi mapafuni na kukosa hewa, huku sukari na joto la mwili vikiendelea kushuka. Dalili zinazodai msaada wa haraka ni kutoamka hata anapoitwa kwa nguvu na kufinywa, kupumua chini ya mara 8 kwa dakika, kupitisha zaidi ya sekunde 10 kati ya pumzi moja na nyingine, degedege, na ngozi kuwa baridi au kupauka, jambo ambalo kwa mtu mweusi huonekana vizuri zaidi kwenye midomo, ufizi na kucha. Mtu wa namna hii, maadamu anapumua, hulazwa ubavu, goti la juu likiwa limekunjwa ili asibiringike, kichwa kikiinamishwa kidogo kwa nyuma na mdomo ukielekea chini. Hatapishwi kwa kutiwa vidole, hanyweshwi chochote, wala haachwi peke yake hata kwa muda wa kwenda kumwita mwingine.

Kwa nini basi watu wema, waliojaa ukumbini, hukosa kufanya mambo mepesi kama haya? Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu jijini New York, ambao kila mmoja aliketi katika chumba chake na kusikia kupitia vipokea sauti vya masikioni mwenzake akionekana kupatwa na kifafa. Miongoni mwa walioamini kwamba ni wao tu waliosikia, asilimia 85 walitoa taarifa kabla tukio halijaisha, lakini miongoni mwa walioamini kwamba wasikilizaji wengine 4 wapo, ni asilimia 31 tu waliofanya hivyo. Hali hii huitwa mtawanyiko wa wajibu, kwa maana kwamba jukumu hugawanyika kwa idadi ya waliopo hadi likakosa mwenyewe. Vitabu vya kiada vimelieneza tokeo hilo kwa kukata tamaa kupita kiasi, kwa kuwa utafiti wa mwaka 2019 uliochunguza picha za kamera za mitaani katika Lancaster, Amsterdam na Cape Town ulionyesha kwamba katika magomvi 9 kati ya 10, angalau mtu mmoja aliingilia kati. Tofauti huenda ni kwamba ugomvi hujitangaza wenyewe, ilhali mtu anayekufa kwa pombe hufanana kabisa na aliyelala. Kwa sababu hiyo agizo la jumla la kuangaliana halitoshi. Kundi linalokwenda kwenye sherehe linahitaji kumtaja kwa jina, kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa, mmoja asiyekunywa usiku huo.

Kizuizi kingine ni hofu ya adhabu. Mwezi Februari 2017, katika nyumba ya chama cha udugu wa wanafunzi iliyohusiana na chuo kikuu cha Penn State nchini Marekani, kijana wa miaka 19 aliyeleweshwa katika shughuli za kumpokea chamani alianguka kwenye ngazi, na wenzake walikaa karibu saa 12 kabla ya kupiga simu ya dharura; alifariki siku iliyofuata. Ili kuondoa hofu kama hiyo, chuo kikuu cha Cornell kilikuwa kimeanzisha mwaka 2002 utaratibu wa msamaha wa kitabibu, ambao humwondolea adhabu ya kinidhamu ya unywaji mwanafunzi anayeomba msaada pamoja na yule anayeombewa. Vyuo vinavyomtisha kwa kamati ya nidhamu hata anayebisha hodi kwa msimamizi wa bweni usiku wa manane vinanunua utulivu wa juujuu kwa gharama kubwa mno.

Ulevi wa mmoja humfungulia pia mlango mwenye nia mbaya. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 humhesabu aliyevurugwa fahamu na pombe kuwa hawezi kuridhia tendo la ndoa, hata kama hakusema hapana, na mwenzake anayemwona akiongozwa kuelekea chumbani ana haki ya kukatiza safari hiyo kwa hila yoyote isiyo na ugomvi, hata kwa kudai kwamba anaitwa nje. Iwapo ubakaji umekwisha kutokea, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyokinga vizuri zaidi.

Pombe haramu ina sumu yake ya pekee, methanoli, ambayo mwezi Mei 2014 iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, Embu ikiwa miongoni mwazo. Mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki inayoharibu neva ya jicho, na dalili huchelewa saa 12 hadi 24, kwa hiyo anayeona ukungu au maumivu makali ya tumbo mchana wa kesho yake hapaswi kushauriwa azimue, kwani kilevi zaidi huweza kuzichelewesha tu na kumweka mbali na hospitali anakohitajika. Wanaompeleka huko wabebe chupa iliyobaki, waeleze saa aliyokunywa na vidonge alivyomeza, na nchini Kenya wakumbuke kwamba kifungu cha 43(2) cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, hata kama aliyemleta hana senti mfukoni.