Je, Wajua? Mboji Hushika Urani

Je, wajua kwamba tope jeusi la kinamasi linaweza kuizuia urani isisafiri? Kati ya 1954 na 1985, zaidi ya tani 40 za urani zilimwagwa katika kijito cha Tims Branch, eneo la Savannah River, South Carolina, ambako Marekani ilizalisha plutoni ya silaha. Sehemu kubwa ya urani hiyo ingali imekwama kwenye tope. Sababu mojawapo ni mboji: majani na mizizi iliyooza huacha asidi zenye chaji hasi, nazo huinasa urani iliyoyeyuka, ambayo huweza kuwa na chaji chanya. Hata iodini-129, inayohitaji takriban miaka milioni 15.7 ili nusu yake ioze, hujifunga kwenye kaboni ya mboji.

Basi si tukiachie kinamasi kazi yote? Hapana. Kushika si kuangamiza. Mionzi ipo palepale. Mboji ikiyeyuka majini yaweza hata kuibeba plutoni mbali, na maji yenye kaboneti nyingi huibandua urani. Sezi yenye mionzi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa hushikwa vyema na udongo wa mfinyanzi, si mboji. Ndiyo maana baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl ya 1986, nyasi za milima ya Wales yenye mboji nyingi ziliendelea kuwapa kondoo sezi, na vizuizi vya mwisho kwa wafugaji viliondolewa 2012. Kwa hiyo, kabla ya kukiamini kinamasi chochote, au kukikausha, sharti ijulikane kwanza ni elementi gani iliyomo na maji yake yana kemia gani.