Nauli ya Kukimbia

Wajukuu zangu, kisa cha Yona, ambaye Waislamu humwita Nabii Yunus, mnakijua. Ila wengi hukumbuka samaki tu. Leo nataka muwatazame mabaharia, kama Biblia inavyosimulia.

Yona alitumwa na Mungu aende Ninawi, mji wa Waashuri ambao magofu yake yapo hadi leo huko Mosul, nchini Iraki. Alitakiwa kuwaonya wenyeji waache uovu wao. Hakutaka. Akateremka hadi bandari ya Yafa, akapata merikebu iendayo Tarshishi, akalipa nauli, akashuka chini chomboni, akalala fofofo.

Bahari ikachafuka. Mabaharia wakaanza kutupa shehena majini ili chombo kiwe chepesi. Hebu jiulizeni: mali ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya watu waliotoka kutafuta riziki, wasiojua lolote kuhusu Ninawi. Aliyekimbia amelala, na wasio na hatia wanapata hasara.

Kura zilipopigwa ili kumjua mwenye kosa, zikamwangukia Yona, naye akakiri kwamba tufani ile ilikuja kwa ajili yake. Akatupwa baharini, akamezwa na samaki, akakaa tumboni siku 3 akiomba, kisha akatapikwa nchi kavu. Halafu akaambiwa nini? Nenda Ninawi! Kazi ile ile, haikupungua hata chembe. Safari hii alikwenda, akasema, na mji wenye watu zaidi ya 120,000 ukatubu, ukaokoka.

Nanyi ni hivyo hivyo. Ukificha karatasi ya mtihani uliofeli, mdogo wako atasingiziwa kuipoteza, mwalimu hatajua pa kukusaidia, na hesabu zenyewe bado huzijui. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba ukuta huo mara nyingi hujengwa kwa jasho la wengine.

Lakini nisikilizeni vizuri: kukimbia hatari si kosa. Anayepigwa au kuumizwa na mtu, hata akiwa ndugu, akimbie, tena akaseme kwa mtu mzima anayemwamini. Asipoaminiwa, amwambie mwingine. Huko si kukwepa tatizo, ndiko kulikabili.

Basi mwenye jambo linalomnyima usingizi alitamke leo, kwa mama, baba, shangazi au mwalimu. Aanze na sentensi moja tu: "Nina shida, naomba unisikilize."