Vidonge vya Kisukari na Askari wa Lindo

Ndugu wasikilizaji, hususan askari wa jeshi na polisi mlioko zamu Malaba, Busia na huko Sop Sop wilayani Tororo, leo twazungumzia vidonge viwili vya kisukari cha aina ya pili ambavyo wengi hudhani ni kitu kimoja.

Metformini, ambayo Daktari Jean Sterne wa Paris alitangaza matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957, hulizuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu. Siku za mwanzo huchafua tumbo, kwa hiyo humezwa pamoja na chakula. Ikitumiwa peke yake, ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi.

Glibenklamaidi ni dawa ya namna nyingine. Hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Askari aliyeimeza alfajiri, kisha akasimama kizuizini hadi alasiri bila chakula kwa kuwa msururu wa malori haukwisha, aweza kutetemeka, kutokwa jasho, kupayuka, hata kuzirai. Kama aweza kumeza, apewe upesi chai yenye sukari nyingi, ale, kisha apelekwe hospitali, maana sukari huweza kushuka tena. Aliyezirai asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Na raia apepesukaye usiku mpakani je? Huenda hakuonja pombe kabisa. Naye aliyekunywa yumo hatarini zaidi, kwani pombe nayo hushusha sukari. Kabla ya kumtia mahabusu kwa ulevi, aulizwe kama ana kisukari, na mifuko yake itazamwe kama ina vidonge.