Mmea wa shanga huuawa na maji, si kiu

WAPENZI wa mimea ya mapambo jijini Nairobi na katika miji mingineyo nchini wameuzoea mmea mmoja ambao majani yake hayafanani kabisa na majani. Ni punje za mviringo, za kijani, ndogo kama njegere, zilizotungwa kwenye shina jembamba mithili ya uzi, nazo huning’inia kutoka chunguni kama ushanga uliosahauliwa dirishani. Aghalabu wauzaji wa miche huutaja kwa jina la Kiingereza lenye maana ya uzi wa lulu. Katika makala haya tutauita mmea wa shanga, maadamu hilo ndilo umbo analoliona mtu kwanza.

Ni mmea unaopendwa mno, lakini pia ni mmea unaowavunja watu moyo. Mtu huununua ukiwa umejaa vizuri, akautundika barazani, akaunyunyizia maji kila asubuhi kama afanyavyo kwa maua yake mengine. Baada ya wiki kadhaa punje hulainika, hugeuka rangi ya manjano na kuanza kudondoka. Mwenyewe hudhani umeshikwa na kiu, akaongeza maji. Hapo ndipo anapoumaliza. Hatimaye hununua mwingine, na mambo huwa yale yale.

Ili kuelewa kosa liko wapi, yafaa tuanze na asili ya mmea wenyewe. Kielimu huitwa Curio rowleyanus. Vitabu vya zamani na vibandiko vingi vya wauzaji vingali vinautaja kama Senecio rowleyanus, jina alilolitoa Mjerumani Hermann Jacobsen mwaka wa 1968 kwa heshima ya Gordon Rowley, mtaalamu wa Kiingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mimea inayohifadhi maji mwilini, na aliyefariki mwaka wa 2019. Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba mmea huu ni wa ukoo mmoja na alizeti. Ukichanua, hutoa vishada vidogo vyeupe vyenye harufu inayokaribiana sana na ya mdalasini.

Makao yake ya asili ni sehemu kavu za Afrika Kusini, hususan mkoa wa Eastern Cape. Huko hauning’inii popote. Hutambaa ardhini, chini ya vichaka na baina ya mawe, na kila mahali shina linapogusa udongo huotesha mizizi, hata mmea mmoja ukatandaza mkeka mzima. Mambo matatu yanajitokeza hapa ambayo mkulima wa nyumbani hana budi kuyashika: umezoea kivuli chepesi wala si jua kali la utosini, mizizi yake ni mifupi na hukaa juu juu, na udongo wake wa asili hupitisha maji upesi, kisha ukakaa mkavu kwa muda mrefu.

Umbo la punje nalo lina sababu. Jani bapa lina eneo kubwa la kupotezea maji kwa mvuke, ilhali tufe ndilo umbo linalobeba maji mengi kwa ngozi ndogo kabisa. Lakini tufe lina hasara yake, kwani mwanga huishia nje na kuacha moyo wa jani gizani. Itazame punje moja kwa makini, utauona mstari mwembamba, angavu kiasi, unaoteremka ubavuni. Hilo ni dirisha. Kupitia hapo mwanga hupenya hadi ndani na kuiwezesha punje nzima kujitengenezea chakula. Mkulima pia hulitumia dirisha hilo kama kipimo: mmea ukiwa na kiu, mstari huo hubana na punje hunywea kidogo, ukiwa umeshiba, hupanuka na punje huwa ngumu.

Sasa tuje kwenye maji, kwa kuwa hapa ndipo penye kifo chenyewe. Maji yanapojaa katika chungu, hewa hukosa nafasi baina ya chembechembe za udongo. Mizizi hukosa pumzi, hufa, kisha ukungu huivamia na kupanda hadi kwenye mashina. Mmea usio na mizizi hauwezi kunywa hata ukiwa umesimama majini. Ndiyo maana dalili za mmea uliozidishiwa maji hufanana na za mmea ulionyimwa: yote miwili hulegea. Tofauti unaipata kwa vidole. Punje yenye kiu hukunjamana lakini hubaki imara na kavu. Iliyooza hulainika, huwa kama inayopitisha mwanga, na hupasuka ukiibonyeza.

Usimwagilie kwa kalenda. Tia kidole udongoni hadi kwenye pingili ya pili. Ukihisi ubichi, ondoka. Ukiwa mkavu kabisa, na punje zimeanza kunywea, mwagilia kwa wingi hadi maji yatokee chini, kisha mwaga yaliyokusanyika sahanini. Njia nyingine ni kukipima chungu kwa mkono, kwani kikavu huwa chepesi mno. Jijini Nairobi, wakati wa joto kuanzia Januari hadi Machi, huenda ukamwagilia kila baada ya siku kumi hivi. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, mawingu yanapotanda na udongo kukataa kukauka, hata wiki tatu au nne si nyingi. Huko Limuru na nyanda nyinginezo za juu, mmea uingizwe ndani msimu huo. Mombasa na Malindi shida ni unyevu wa hewani. Pwani mmea huu huhitaji upepo kuliko kitu kingine chochote, na ni heri baraza yenye hewa kuliko chumba kilichofungwa.

Wakati wa masika usiuache nje mvuani. Mvua ya siku mbili haiudhuru. Ya wiki mbili mfululizo huumaliza.

Kuhusu udongo, ule mweusi wa mfinyanzi unaopatikana sehemu nyingi za Nairobi haufai hata kidogo, wala ule mwekundu wa kahawa ukitumika peke yake. Changanya sehemu moja ya udongo wa bustani wenye mboji na sehemu mbili za vitu vinavyopitisha maji, kama vile mchanga wa mto ulio na chembe kubwa pamoja na kokoto ndogo. Bora zaidi ni yale mawe mepesi ya volkano, yenye matundu tele, yanayopatikana Bonde la Ufa katika maeneo ya Longonot na Naivasha. Yavunjevunje yawe na ukubwa wa punje za mahindi, uyakosheshe vumbi kabla ya kuyatumia. Mchanga wa baharini uepukwe kwa sababu ya chumvi.

Chungu kiwe kifupi na kipana. Chungu kirefu hubeba udongo ambao mizizi haifiki, nao hubaki umelowa chini kwa siku nyingi. Cha udongo uliochomwa kinafaa kuliko cha plastiki kwa kuwa hupumua, ingawa hata mkebe wa mafuta ya kupikia hutosha mradi umetobolewa matundu ya kutosha kitakoni. Asikudanganye mtu kwamba kuweka kokoto chini ya chungu kisicho na tundu kunasaidia. Maji hayana pa kwenda.

Mwanga ni jambo linalosahauliwa. Wengi huutundika mmea karibu na dari, nyuzi zikapata mwanga huku kitovu chake, pale juu ya udongo, kikiwa gizani. Kitovu hicho hupata upara, mashina yakadhoofika, na mmea ukabaki ndevu bila kichwa. Juu ya chungu ndipo panapohitaji mwanga zaidi. Baraza linalotazama mashariki, linalopata jua la asubuhi hadi saa nne hivi, ndilo mahali pake. Jua la saa sita kwetu huku karibu na ikweta, tena kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 kama Nairobi, huzichoma punje zikawa za zambarau au kahawia.

Uzalishaji wa mmea huu ni rahisi kuliko utunzaji wake, na ndio bima ya kila mwenye nao. Kata uzi wenye afya, urefu wa sentimita 10 hivi, kwa wembe uliopanguswa kwa spiriti. Ondoa punje za sentimita tatu au nne za mwanzo. Pale punje zilipokuwa zimeshika ni vifundo, na mizizi hutoka hapo. Uache uzi kivulini siku moja au mbili ili kidonda kikauke. Wenye haraka hupuuza hatua hii, nao ndio wanaolalamika kwamba vipandikizi vyao vimeoza.

Baadaye, usiuchomeke wima kama mtu apandaye muhogo. Ulaze juu ya udongo, vifundo vikigusa, kisha ubane kwa pini ya nywele au kipande cha waya kilichokunjwa. Panda nyuzi kadhaa pamoja, kwa kuwa mmoja huchukua muda mrefu mno kujaza chungu. Katika kipindi hiki unaweza kunyunyiza maji kidogo kila baada ya siku tatu au nne, kwani bado hakuna mizizi ya kuyafuata chini. Wiki mbili hadi nne zikipita, vuta uzi taratibu. Ukishikilia, umeshika, anza kumwagilia kama mmea mzima. Msimu mzuri wa kazi hii ni kuanzia Septemba hadi Machi, na ni vyema kuuepuka ule wa baridi.

Wapo wanaoweka uzi katika gilasi ya maji hadi utoe mizizi. Hufaulu, lakini mizizi ya majini ni dhaifu na huteseka ikihamishiwa udongoni. Wengine hupanda punje moja moja zilizodondoka. Punje pekee huweza kutoa mizizi na kukaa hivyo miezi mingi bila kuchipuka, isipokuwa iwe na kipande cha shina.

Njia ya kulaza ndiyo pia dawa ya ule upara. Chukua nyuzi ndefu zinazoning’inia, zirudishe juu na uzizungushe penye pengo bila kuzikata. Zitatia mizizi mahali pake. Na ukiukuta mmea umeoza kitovuni, usihangaike kuutibu: kata ncha zote zilizo ngumu, uzipande upya katika udongo mkavu, na kilichosalia ukitupe pamoja na udongo wake.

Wadudu wanaoushambulia zaidi ni wale weupe wanaofanana na vipande vya pamba, ambao hujificha mahali punje inapoungana na shina. Wapanguse kwa pamba iliyotiwa spiriti, na urudie baada ya wiki moja, maana mayai husalia.

Wenye watoto wadogo, paka au mbwa wawe na hadhari. Mmea huu una sumu. Punje zake huvutia mtoto kwa kuwa zinafanana na njegere, lakini akizimeza anaweza kutapika na kuharisha, na jamii hii ya mimea ina kemikali zinazodhuru ini. Baadhi ya jamaa zake wa mwituni hujulikana kwa kuua mifugo malishoni. Mtoto akila, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitalini pamoja na kipande cha mmea ili daktari ajue alichokila. Utomvu wake pia huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hivyo nawa mikono baada ya kukata. Utundike mahali ambapo hata nyuzi zake ndefu hazifikiwi kutoka chini wala kutoka juu ya kiti.

Jambo la mwisho linawahusu wasafiri. Si halali kuingiza nchini kipandikizi ndani ya mkoba, hata kiwe kidogo namna gani, bila kibali kutoka kwa shirika la KEPHIS pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi kilikotoka, kwa kuwa wadudu na magonjwa mageni husafiri kwa njia hiyo hiyo. Isitoshe, Afrika Kusini imekumbwa na wizi mkubwa wa mimea inayohifadhi maji kutoka nyikani tangu mwaka wa 2019, na baadhi ya aina adimu zimo hatarini. Mmea wa shanga hauna sababu ya kutafutwa huko. Jirani mwenye chungu kilichojaa anaweza kukukatia nyuzi tano leo, na kwake zikachipuka upya pale pale zilipokatwa.