Ngiri: Matundu Matatu au Mpasuo Mmoja?

Mwanamume anayeshusha magunia sokoni Kongowea, Mombasa, au kupakia malori Changamwe anaweza kuishi na ngiri miaka mingi bila kumwambia mtu. Uvimbe hujitokeza kwenye kinena akiinua mzigo au akikohoa, kisha hurudi ndani akilala chali. Anaufunga kwa kitambaa, anavaa suruali pana, na kazi inaendelea.

Mtaani wengi huuita mshipa, na hapo mambo huchanganyika, kwa sababu busha nalo huitwa hivyo hivyo. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na huku Pwani mara nyingi chanzo chake ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Ngiri ni kipande cha utumbo au mafuta ya tumboni kilichopenya mahali ambapo ukuta wa tumbo umelegea. Madafu, yanayolaumiwa kila siku, hayaleti hili wala lile.

Kwa mtu mzima, tundu hilo halizibiki kwa dawa ya kunywa wala kwa kuchuliwa. Huzibwa kwa upasuaji, na ndipo linapokuja swali ambalo wagonjwa wengi huenda nalo kwa daktari siku hizi: afunguliwe, au afanyiwe ule wa kamera?

Kufungua ndiyo njia kongwe. Katika miaka ya 1880 daktari Edoardo Bassini wa Padova, Italia, alianza kuishona misuli ya kinena kwa tabaka, na mtindo wake ukatawala kwa karibu karne nzima. Kasoro yake ni kwamba nyama zilizovutwa kwa nguvu zikutane huuma, na mara nyingine huachia. Miaka ya 1980, Irving Lichtenstein wa Los Angeles alieneza njia nyingine: badala ya kuvuta misuli, daktari anatandika wavu laini wa plastiki juu ya sehemu iliyolegea, na mwili unaota nyama kuushika. Mpasuo ni wa sentimita chache tu. Kazi yote inaweza kufanyika kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Upasuaji wa matundu hupitia upande wa pili. Daktari hutoboa matundu matatu madogo, hujaza gesi ya kaboni dioksaidi kupata nafasi, huingiza kamera na vyuma vyembamba, kisha huweka wavu nyuma ya tundu, kwa ndani. Kwa kawaida mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi.

Faida yake ni ya kweli. Maumivu ya siku za mwanzo hupungua, ganzi na uchungu wa kudumu kinenani huwa nadra zaidi, na mtu hurudi kazini mapema. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, hizo siku zilizookolewa ni unga na kodi ya nyumba. Mwenye ngiri pande zote mbili hutengenezwa kwa matundu yale yale, na ambaye ngiri yake imerudi baada ya kufunguliwa hupitiwa mahali pasipo na kovu. Wanawake pia hushauriwa njia hii pale utaalamu unapopatikana, kwa kuwa huonyesha hata ngiri ya pajani inayojificha.

Lakini kamera haifanyi kazi peke yake. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wanaume waliotibiwa katika hospitali 14 za wanajeshi wastaafu. Baada ya miaka miwili, ngiri ilikuwa imerudi kwa takriban asilimia 10 ya waliotobolewa, dhidi ya asilimia 5 ya waliofunguliwa. Tofauti hiyo ilitoweka, kwa ngiri za mara ya kwanza, pale mpasuaji alipokuwa ameshafanya zaidi ya 250 za aina hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza daktari ni hili: umefanya ngapi? Mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu, asiyefaa kulazwa kwa nusu kaputi, yeye hufaidika zaidi na mpasuo wa kawaida chini ya ganzi.

Wapo wanaoona aibu kufunguliwa, wakidhani wamepewa tiba ya wasio na pesa. Wasikie habari za Kamuli, mashariki mwa Uganda. Katika hospitali ya misheni ya huko, timu ya Jenny Löfgren na Alphonsus Matovu iliwafungua wanaume 302 kwa ganzi. Nusu walitiwa wavu wa kiwandani unaouzwa zaidi ya dola 100, na nusu kipande cha kitambaa cha chandarua kilichosafishwa kitaalamu hadi vijidudu vyote vikafa, cha thamani ya kama dola 1. Matokeo yalichapishwa Januari 2016: baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu, wa kundi la chandarua. Hayo ni matokeo ambayo hospitali yoyote duniani ingejivunia, na yalipatikana bila kamera.

Kuhusu gharama, ni vyema kuuliza kabla ya kulazwa kile ambacho bima ya afya ya umma ya Kenya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipia katika hospitali husika, kwani wavu na vifaa vya kamera vinaweza kuongeza bili.

Nafasi hii ya kuuliza na kuchagua anayo yule tu ambaye ngiri yake bado inarudi ndani. Ikibanwa, uvimbe huwa mgumu, huuma bila kuachia, tumbo hujaa na matapishi huanza. Damu isipofika, utumbo unaweza kuanza kufa ndani ya saa chache. Na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, Coast General, iko kisiwani Mombasa. Mgonjwa wa Likoni, ng'ambo ya maji, usiku wa manane itambidi asubiri feri au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, na akifika huenda akafunguliwa tumbo, akakatwa utumbo ulioharibika, na pengine akakosa hata wavu kwa kuhofia usaha.