Kolwezi–Lubumbashi: ndeke dakika 40, mugonjwa masaa ngapi?



Usiku mumoja, upande wa Kolwezi, jiwe liliangukia mwenzetu ku mugodi, likamuvunja mguu. Munganga alisema: huyu afike Lubumbashi upesi. Tulimupakia mu ambilansi, tukaenda naye barabarani paka asubui. Mguu ulikatwa. Hakuna aliyetuambia kama ni masaa ndiyo yaliukata. Lakini tangu siku ile sisi madelege wa sendika tunahesabu masaa.

Hesabu ni hii. Toka kiwanja cha ndeke cha Kolwezi paka Luano, ndeke inapita sawasawa juu ya pori, karibu kilometa 240. Barabara yenyewe inazunguka kwa Fungurume na Likasi: Kolwezi–Likasi karibu 180, Likasi–Lubumbashi karibu 120, jumla 300. Tofauti ni kilometa 60 tu.

Basi kinachobadilisha mambo ni mwendo. Ndeke ndogo ya propela yenye kwenda kilometa 450 kwa saa ingemaliza njia ile mu dakika 32. Ongeza kupanda na kushuka polepole, inakuwa 40 ao 45. Barabarani, nyuma ya makamyo ya shaba na asidi, na kusimama ku barieri za peaji, masaa tano si ajabu.

Tusijidanganye lakini. Mutu muzima anayepanda ndeke anatoka mapema ku nyumba, anangoja ku kiwanja, anatafuta teksi toka Luano. Dakika zake 40 zinakuwa masaa matatu ao ine. Anapata faida kidogo. Mwenye kuumia ni ingine: ambilansi inaweza kumufikisha karibu na ndeke, na ingine kumupokea kule. Yeye ndiye anayepata faida yote, kama ndeke imeitwa.

Usiku ule haikuitwa. Mwenye kusaini alikuwa amelala, simu yake haikujibu.

Sheria ya kazi ya 2002 inataka mwajiri atunze mufanyakazi na jamaa yake, na alipe safari ya mugonjwa asiyeweza kujiendea. Hiyo ni haki, si zawadi. Inabaki sisi tuandikishe saa mu mapatano ya kazi. Tunaomba mambo matatu: jina la mwenye kuita ndeke, muchana na usiku, na la yule atakayesaini kama wa kwanza hapatikani, dakika anazopewa kuamua, na nafasi ya ndugu mumoja wa kusindikiza mugonjwa.

Wamama, muulize wababa leo jioni: ku kazi yenu, ni nani anaita ndeke? Kama hawajui, watuulizie delege wao.

Mwenzetu anatembea na mikongojo. Kila mukutano anakuja, anakaa mbele, anauliza neno moja: «Ile karatasi mulishasaini?»

Bado.